Majeruhi wa ajali wanahitaji mpango wa matunzo ya maisha

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kazi ambayo Marekani imekuwa ikikua kama taaluma tangu miaka ya 1980, nayo ni ya mpangaji wa matunzo ya maisha, kwa kuwa majeruhi wa ajali za barabarani hapa Kenya wanaihitaji mno.

Mtaalamu huyu, ambaye mara nyingi ni muuguzi au mshauri wa urekebishaji, hukadiria mahitaji yote ya mtu aliyepata ulemavu wa kudumu. Husoma faili za hospitali, humtembelea mgonjwa nyumbani, huwahoji jamaa wanaomtunza na kushauriana na madaktari wake, kisha huorodhesha kila kinachohitajika, kwa muda gani na kwa bei ya mahali mgonjwa anapoishi. Kwa aliyevunjika uti wa mgongo, kiti cha magurudumu huchakaa kikahitaji kubadilishwa, mipira ya mkojo hutumika kila siku, mlango wa choo hauna budi kupanuliwa, na mke anayemgeuza usiku ili asipate vidonda naye anazeeka, hivyo itafika siku mlezi wa kulipwa atahitajika.

Hata hivyo, mpangaji hana ruhusa ya kubuni matibabu yasiyo na msingi wa kitabibu. Wala makadirio yake hayapaswi kupanda au kushuka kwa sababu anayemlipa ni wakili wa mdai au kampuni ya bima. Akiitwa kortini, lazima aeleze kila bei aliipata wapi. Uaminifu huo ndio uti wa kazi yenyewe.

Kwetu, gharama za matibabu ya baadaye ni lazima zitajwe katika hati ya madai, lakini mara nyingi hutegemea sentensi chache tu za ripoti ya daktari. Najua Sura ya 405, yaani sheria ya bima ya magari inayowahusu watu wanaoumizwa na magari hayo, inaiwekea kampuni ya bima kikomo cha kulipa shilingi milioni 3 kwa kila majeruhi, na wapo watakaouliza orodha ndefu ina faida gani. Faida ipo, na ni kubwa: familia itajua pesa hizo zianzie wapi, na wabunge watakaotaka kikomo kipandishwe watakuwa na hesabu za kweli mkononi.

Naviomba vyuo vyetu vya uuguzi na tiba ya viungo vianzishe mafunzo haya, na mawakili waanze kuwasilisha mipango ya aina hii mahakamani.

Muuguzi mstaafu,
Nakuru