Kabla hujanyoosha mkono kwenye kamati

Swahibu yangu,

Barua yako nimeipata, na nimecheka peke yangu nilipofika pale unaposema umetiwa kwenye kamati ya uwanja "kwa sababu ya mdomo". Waliokuchagua hawakukosea. Mtu aliyekaukiwa sauti kwa kumzomea refa miaka minne mfululizo ana haki ya kusikilizwa. Msalimie shemeji, mwambie bado namdai jibu la barua yangu.

Sasa swali lako. Chuo kijenge uwanja mpya wa mpira wa kikapu au kiukarabati ule wa zamani? Najua ulitaka neno moja kutoka kwa mhandisi, ukalitupe mezani mbele ya wenzako. Neno hilo sina. Nina swali, na ningekuwa mimi nisingenyoosha mkono mpaka lijibiwe kwa maandishi: wanafunzi watakaa wapi?

Linaonekana jambo dogo, la kupangwa mwishoni pamoja na rangi ya viti. Lakini watazame Duke, chuo kikuu cha kule North Carolina, Marekani. Cameron Indoor Stadium ulifunguliwa Januari 1940 na una viti 9,314 tu. Kwa timu yenye jina kama lile, ungedhani wangekuwa wameshaubomoa mara mbili. Hawajaubomoa, kwa sababu chini kabisa, ukingoni mwa sakafu, wamesimama wanafunzi, na wenye fedha zao wamepandishwa juu. Mchezaji mgeni akitaka kurusha mpira kutoka pembeni, anahisi pumzi zao shingoni. Halafu panda gari uende jirani tu, Chapel Hill, kwenye Chuo Kikuu cha North Carolina. Dean Smith Center ulifunguliwa Januari 1986, una viti zaidi ya 21,000, na ulijengwa kwa michango ya watu binafsi, kiasi cha dola milioni 34. Waliochanga walipewa haki ya viti vizuri, na viti vizuri ni vya chini. Wengi wakazeekea humo humo. Timu imetwaa ubingwa wa taifa mara kadhaa, jengo ni kubwa la kutisha, lakini Sam Cassell, alipokuwa akichezea Florida State, aliwafananisha mashabiki wa pale na watu waliokuja kunywa mvinyo na kula jibini. Ilikuwa mwaka 1991, na utani huo haujawatoka hadi leo.

Katika majirani hao wawili, mkongwe ndiye mwenye kelele na yule mpya ndiye aliyenyamaza. Kwa hiyo akisimama mtu kwenye kikao akaanza kusema "uwanja mpya utaleta msisimko", mwulize msisimko huo atauketisha safu ya ngapi.

Utamsikia na mwingine akitaka viti vingi. Huyo mzuie mapema. Mtindo wa siku hizi ni kupunguza. Texas waliuacha Frank Erwin Center, uliokuwa ukiingiza watu zaidi ya 16,000, wakahamia Moody Center mwaka 2022, ambako kwa mechi za kikapu wanauza viti vipatavyo 10,700. Auburn walipohama mwaka 2010 waliingia kwenye uwanja mdogo kuliko waliouacha, wa watu 9,121, na sasa hakuna timu ngeni inayoufurahia. Kentucky, ambao hawana shida ya mashabiki hata kidogo, waliondoa mabenchi ya juu pale Rupp Arena mwaka 2019, wakaweka viti vyenye migongo, na nafasi zikashuka kutoka kama 23,500 hadi kama 20,500. Butler nao wana Hinkle Fieldhouse tangu 1928. Ulianza na nafasi za watu 15,000, leo ni 9,100 hivi. Nimekaa humo mchana mmoja wa baridi, jua likiingia kwenye madirisha makubwa ya juu na kuanguka sakafuni, na nakwambia sikuona pengo la hao watu 6,000 waliopunguzwa.

Kelele yenyewe nikueleze kidogo, maana hapa ndipo wasanifu wanapowazungusha watu wa kamati. Sauti ya mashabiki hurudi chini pale ambapo paa si refu sana, kuta ni ngumu, za matofali au zege, na viti vimepanda wima. Allen Fieldhouse ya Kansas, jengo la 1955, ilipimwa desibeli 130.4 mwezi Februari 2017, na humo ukitazama juu huoni kitu cha ajabu: chuma, matofali, mabenchi. Sasa uwanja mpya mara nyingi hutakiwa uingize na matamasha, kwa kuwa mechi za nyumbani za wanaume hazifiki hata ishirini kwa msimu na jengo lazima lile kitu siku zilizobaki. Mwanamuziki hataki mwangwi. Basi hutundikwa vitambaa na mbao za kunyonya sauti kila mahali ili gitaa lisikike safi, na kinachonyonywa pamoja na mwangwi wa gitaa ni sauti yako wewe na wenzako. Mkiambiwa uwanja utafaa kwa yote mawili, ulizeni kama vifyonza sauti hivyo vinaweza kuondolewa usiku wa mechi.

Najua unaninyooshea kidole na ile methali ya ufa na ukuta. Iweke kwanza. Mimi nimeshaziba nyufa nyingi zilizostahili kuachwa ukuta uanguke, na ukarabati si njia ya maskini kama watu wanavyodhani. Niliwahi kushiriki kwenye jengo moja la michezo ambalo michoro yake ilionyesha nguzo mahali fulani, tukavunja ukuta, nguzo haipo. Mtu aliihamisha zamani bila kuandika popote. Wiki tatu za kazi zikasimama. Kwenye majengo ya miaka ya sitini na sabini, ongeza asbesto iliyofungwa kwenye mabomba, ambayo haiguswi bila watu maalumu na gharama maalumu. Ndiyo maana kwenye jengo jipya huwa natenga akiba ya asilimia tano hadi kumi kwa yasiyotarajiwa, na kwenye kongwe sishuki chini ya kumi na tano. Mkandarasi akiwaletea makadirio ya ukarabati yenye akiba ndogo, anawapendezesha tu.

Kuna na sheria. Ile ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 haikuachi utengeneze ukumbi ukaacha ngazi na vyoo vilevile. Ukigusa eneo kuu la jengo, lazima pia uirekebishe njia ya kulifikia, pamoja na vyoo vyake, mpaka gharama hiyo ifike asilimia 20 ya kazi yenyewe. Mimi naiona sheria nzuri. Babu aliye kwenye kiti cha magurudumu amekuwa akitazama mechi za chuo chenu kutoka kona ileile moja, nyuma ya nguzo, miaka yote tuliyokuwa tukishangilia. Ila iwekeni kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, msije mkaishtukia katikati.

Na timu itacheza wapi wakati mafundi wako ndani? UCLA walipolifunga Pauley Pavilion, walitangatanga msimu wa 2011–12 kwenye viwanja vya watu na wakakosa kabisa mashindano ya taifa. Villanova nao walihamia uwanja mkubwa wa mjini Philadelphia msimu wa 2017–18 wakati wao ukikarabatiwa, na mwisho wa msimu wakachukua ubingwa. Kwa hiyo kuhama hakuui timu, lakini usitegemee kuwa kocha wenu atalipokea wazo hilo kwa kicheko.

Kilichonishangaza zaidi katika ukarabati wote nilioufuatilia ni Oklahoma State. Uwanja wao, Gallagher-Iba, ulianza mwaka 1938. Mwanzoni mwa karne hii waliliinua paa, wakajenga ghorofa za viti juu ya zile za zamani, na nafasi zikaruka kutoka 6,381 hadi 13,611. Sakafu ya mbao nyeupe ya mwaka ule wa 1938 wakaiacha pale pale. Kihandisi ni kazi ya kuvua kofia. Kishabiki, sijui. Wazee wa pale bado wanausimulia ule mdogo kama mtu anavyosimulia nyumba ya bibi yake.

Hebu sasa tuzungumze fedha, ingawa najua kwenye kamati hamtazungumza kitu kingine. Tangu jaji alipoidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ile ya wanamichezo dhidi ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, mwezi Juni 2025, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Mfadhili ni yuleyule, mfuko wake ni uleule, na sasa anaombwa achangie wachezaji asubuhi na zege jioni. Ndipo chuo kinaposhawishika kumkaribisha mtu wa nje. Texas walifanya hivyo: kampuni ilijenga Moody Center kwa fedha zake, nayo inauendesha na kuvuna matamasha. Austin ni mji wa muziki, wanaweza. Louisville walikwenda njia nyingine, wakahamia uwanja wa katikati ya mji wenye nafasi 22,000 mwaka 2010, deni likitegemea kodi za eneo linalouzunguka. Kodi hazikuingia kama ilivyopigiwa hesabu, na mwaka 2017 deni lilipangwa upya, chuo kikakubali kulipa zaidi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, bwana, lakini kidonda hiki kinalipiwa riba.

Umenibana niseme upande wangu, basi nauegemea huu. Mabomba hubadilishwa. Paa hubadilishwa, vyoo huongezwa, lifti hupenyezwa, jikoni huhamishwa. Kisichobadilika kirahisi ni umbo la bakuli lenyewe: viti viko mbali kiasi gani na mstari, na vimepanda kwa mwinuko gani. Kama bakuli la uwanja wenu ni zuri, karabatini, hata kama bei itakaribia ya mpya. Kama ni lile bakuli pana la miaka ya sabini, lililochorwa ili lifae pia maonyesho ya farasi na mahafali, mnaweza kulimwagia mamilioni na bado shabiki wa safu ya nne akahitaji darubini. Hapo jengeni, ila jengeni dogo, na jengeni mahali ambapo mwanafunzi atafika kwa miguu akitoka bwenini. Ikibidi apande basi usiku wa baridi ili akatazame timu ya wastani ikicheza na timu dhaifu, hatakwenda, hata kama viti vimepakwa dhahabu. Hata Chapel Hill, mjadala wa kubaki au kuhamia Carolina North, ardhi ya chuo iliyo nje ya kampasi kuu, ulipozuka, umbali na mabweni ulikuwa moja ya vitu vilivyowakasirisha watu.

Nadhani nakumbuka uwanja wenu kwa macho ya ujana, na macho ya ujana hayapimi mwinuko. Nakumbuka mabenchi yaliyotuchoma matako na ile harufu ya mbao na popkoni. Kwa hiyo usiniamini kwa kumbukumbu. Zile picha za kompyuta zenye watu wanaotabasamu baki nazo mwenyewe. Mimi nitumie mchoro wa mkato wa jengo la zamani, yaani ule unaolionyesha kama limepasuliwa katikati, na ule wa jipya kama wameshauchora, nipime kwa rula kutoka kiti cha mwisho cha wanafunzi hadi mstari wa pembeni. Kikao chenu ni mwezi ujao, sivyo? Zikinifikia kabla ya wiki mbili nitakujibu kwa namba.

Wako wa siku zote.