Mheshimiwa Waziri, hizi TV za chogo zisivunjwe mitaani

Kwa Mheshimiwa Waziri unaeshughulika na mazingira hapa Zanzibar, asalaam aleykum.

Mie ni fundi wa redio na simu Jang'ombe, sina siasa, na hichi nnachokisema nakijua kwa mikono yangu mana hata mie nshakifanya huko nyuma kabla sijaambiwa.

Wiki ilopita ofisi moja, siitaji, ilitoa kompyuta mbovu na TV za chogo ikawapa vijana wa skrepa kwa sharti moja, zivunjwe pale pale watu wa ofisi wanaona, ati siri zisitoke. Zikapigwa nyundo na mtarimbo mpaka basi. Sasa Mheshimiwa, TV ina siri gani? Na siri za kompyuta ziko kwenye hadi diski (hard disk), kidude cha kutia mfukoni, unafungua skurubu unakitoa, kitoboe hicho peke yake na vyengine vyote vibaki vizima.

Mana balaa lote liko kwenye kuvunja. TV ya chogo ikikaa nzima stoo miaka 20 haina neno na mtu, risasi yake, yale madini mazito ya sumu (lead), imefungika ndani ya kioo, na moja tu yaweza kuwa na kilo mbili za risasi. Lakini kijana anataka shaba, ile koili ilovishwa shingoni mwa tyubu la kioo la TV, basi anaipiga shingo, unasikia fyuuu hewa inaingia, siku nyengine tyubu lote linaripuka, na ndani ya kioo cha mbele mna poda, kwenye zile za zamani ina kadimiamu, madini mengine ya sumu, inaruka kama unga. Nilimuona mmoja poda imemjaa mpaka kwenye kope, kapiga chafya, kajifuta na shati, kanunua andazi kala na mikono ile ile. Nyumbani ana mtoto wa miezi minane na shati ndo hilo hilo atambebea. Risasi kwa watoto hata WHO, Shirika la Afya Duniani, washasema hakuna kiwango cha salama, inakwenda kwenye ubongo.

TV za flati za mwanzo mwanzo nazo zina vitaa vyembamba vyenye zebaki, nayo sumu, vikivunjika mvuke wake huuoni wala huunusi. Betri za laptopu ukizitoboa zinawaka moto, meza yangu ina alama mpaka leo. Nyaya wanazichoma wakati wa magharibi, ule moshi tunalala nao.

Vioo vyenyewe vimemwagwa shimoni si mbali na kisima, na ardhi yetu hii ya mawe ya matumbawe inapitisha maji kama kung'uto.

Vijana wasifukuzwe tafadhali, ni riziki yao. Wanavunja kwa sababu shaba inapimwa kilo inalipwa, kioo hakuna anaekitaka. Ikiwepo pahala pa serikali, Unguja na Pemba pia (Pemba msiwasahau kama kawaida), TV nzima ikalipwa kuliko ile shaba yake, nani ataishika nyundo? Na ofisi zote ziandikiwe, kinachovunjwa ni hadi diski tu. Mifuko ya plastiki tuliikataza 2006, bara wakaja 2019, kwa hivo hatushindwi.

Pale uwanjani zimebaki TV sita nzima. Nimezifunika turubai na vijana nimewaomba wangoje mpaka Jumatatu, wamekubali kwa kunihishimu tu. Mheshimiwa, nambie nizipeleke wapi.

Fundi wako, Jang'ombe