Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: naomba kitabu changu cha wageni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mama mjane, mwenye nyumba ya kulala wageni ya vyumba vinane hapa mjini, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, nyumba ambayo marehemu mume wangu aliijenga kwa kiinua mgongo chake. Nimefika ofisini kwako mara tatu, na mara zote tatu katibu muhtasi wako, binti mwenye adabu kabisa, amenieleza kuwa Mheshimiwa yuko kata za pembezoni akisikiliza kero za wananchi. Kwa kuwa na mimi ni mwananchi, ingawa sikujaliwa kuishi pembezoni, nimeona kero yangu niilete kwa njia hii.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, yapata saa saba, askari wawili na mgambo sita waliingia kwangu katika kile walichokiita msako wa maadili. Hati ya upekuzi sikuonyeshwa. Niliombwa funguo za akiba, na nikiwa bado nazitafuta, mlango wa chumba namba tano ukapigwa teke. Humo walilala mtu na mkewe, waliotoka kijijini kuja hospitali, wakisubiri kuchukua majibu ya vipimo asubuhi. Mama wa watu alitolewa nje na kanga moja mwilini, mgambo mmoja akamwelekezea simu usoni huku mwenzake akimtaka aonyeshe cheti cha ndoa. Mheshimiwa, niliishi na mume wangu miaka 31, na sikumbuki safari hata moja ambayo tulitia cheti cha ndoa mkobani.

Saa tatu asubuhi video ile ilikuwa imekwisha kufika kwa fundi wangu wa bomba, kwa wanakwaya wenzangu na kwa mwanangu aliyeko Mwanza. Watu wazima 11 waliochukuliwa usiku ule waliachiwa Jumapili bila kufunguliwa shtaka lolote. Video bado inatembea.

Waliondoka pia na kitabu changu cha wageni, na hilo ndilo hasa lililonikalisha chini kuandika. Kitabu kile siweki kwa kupenda. Serikali ndiyo inayonitaka nimwandike kila mgeni jina, kabila, kazi, atokako, aendako na namba ya simu, kisha atie saini. Dereva wa lori aliyechoka ananipa hayo yote saa sita usiku bila kubisha, kwa kuamini kwamba yanakaa pale kwa usalama wake na wa wenzake. Na kweli yamewahi kusaidia. Mwaka juzi alikuja mpelelezi mmoja mchana, na barua mkononi, akatafuta mtu aliyekuwa akiiba betri za malori. Nikamfungulia ukurasa wa siku aliyoitaja, akanakili mistari miwili kwenye daftari lake, akashukuru, akaenda zake. Mwizi alipatikana na hakuna mgeni wangu aliyeaibika. Kumbe inawezekana.

Safari hii kurasa zimepigwa picha na kusambazwa. Mfanyabiashara wa mbao amenipigia akifoka, akitaka kujua mkewe ametumiwaje ukurasa wenye jina lake. Sijui alikuwa na nani, wala sikuchungulia, maana kazi yangu ilikuwa kuandika jina. Nasikia wapo wageni wanaopigiwa simu na kuombwa hela ili majina yao yasitoke. Nahisi ni wale vijana wa mgambo, kwa kuwa tunaambiwa posho zao huchelewa, lakini ushahidi sina, na nisingependa kumwonea mtu kama tulivyoonewa sisi.

Mimi si mwanasheria. Nimesomewa na mpwa wangu. Ibara ya 16 ya Katiba inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, na neno hilo la unyumba limo kwenye Katiba yenyewe, sijaliongeza mimi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iwe imeruhusu vinginevyo, na inataka anayechukuliwa mali yake apewe stakabadhi. Zipo dharura zinazomruhusu polisi kuingia bila hati, nalikubali hilo, ila mgonjwa aliyelala na mumewe sioni ni dharura ya nani. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo imeviachia vyombo vya dola nafasi ya kuchunguza makosa, lakini sijasikia kwamba kutuma majina ya watu kwenye makundi ya simu ni uchunguzi. Hata hao ambao kweli walikuwa na wenza wa watu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa aliyekosewa haki ya kwenda mahakamani kudai fidia ya ugoni. Haimpi mgambo ruhusa ya kuvunja kitasa cha shilingi 35,000.

Usidhani natetea uchafu. Kwenye kikao cha wadau cha Februari nilisimama, mbele yako, nikasema maadili yameporomoka na nikataja mahali: vile vibanda nyuma ya stendi, ambako wasichana wa kidato cha pili huingizwa mchana kweupe, sare mwilini, na wanaume wenye magari. Nikakumbusha kwamba kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Wewe uliandika, nilikuona ukiandika, ukaahidi kwamba ndani ya siku 14 patakuwa na doria. Mimi mwenyewe hufukuza wanafunzi mlangoni na kukosa hela ya chumba. Kwenye vibanda hajafika askari hata mmoja hadi leo, labda kwa sababu pale hakuna milango ya kupiga teke.

Tangu msako ule, kwa usiku mmoja napata wageni wawili, wakizidi sana watatu, na wote huniuliza kwanza kama nitawaandika. Nawajibu nini? Nikiandika wanaondoka, nisipoandika ninyi mtanifungia.

Nilitaka kuomba mengi: kitasa, radhi kwa yule mama, doria ya stendi. Nimeyaacha. Naomba kitabu. Ni kaunta buku yenye jalada jeusi, kona ya juu imeliwa na panya, na ukurasa wa mwisho una maandishi ya marehemu mume wangu. Nipo mapokezi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Atakayekileta asije usiku.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama wa gesti ya vyumba vinane