Gari lako hatulifuniki shuka

Kila baada ya siku chache anakuja mteja ambaye salamu haijaisha, simu imeshatoka mfukoni. "Fundi, hebu tazama hii." Ni kipande cha video, kutoka kipindi cha televisheni cha gereji ya Marekani. Gari limeliwa na kutu, milango haifungi, viti vimetoboka. Muziki unapigwa, cheche za kulehemu zinaruka, mafundi wawili wanagombana kidogo, shuka linavutwa, na gari linang'aa kama limetoka kiwandani jana. Mwenye gari analia. Mteja wangu anazima simu, anaitazama Mark II yake GX110 aliyoiegesha chini ya mwembe, kisha anauliza: "Wale wamemaliza kwa wiki moja. Nyie mbona mnaniambia miezi miwili na nusu?"

Swali hili nimelijibu mara nyingi nikiwa nimeinama chini ya boneti, tena kwa haraka. Leo nimenawa mikono, nalijibu nikiwa nimekaa.

Vipindi hivi navipenda, nisifiche. Nilianza kuviona Discovery kwenye DStv ya jirani, na vijana wangu hapa wanaviangalia YouTube wakati wa chakula cha mchana. Monster Garage ya Jesse James ilianza 2002, na sharti lake lilikuwa siku 7 tu: moja ya kuchora, tano za kujenga, ya mwisho ya majaribio. Mwaka 2004 ikaja Overhaulin'. Humo gari "linaibiwa" huku ndugu wa mwenye gari wakiwa ndani ya njama, Chip Foose na kikosi chake wanalijenga upya kwa muda wa wiki hivi, halafu mwenyewe anaitwa aone. Mwaka huohuo MTV nayo ikaleta Pimp My Ride, Xzibit akiwabishia hodi vijana wenye magari ya kusukuma.

Sasa mchukue huyo Foose. Si mwigizaji, ni fundi haswa. Anachora gari kwa mkono wake, na kabla ya kusimama peke yake alikuwa nguzo katika gereji ya Boyd Coddington kule California. Mbali na televisheni, Foose ameshinda zaidi ya mara moja tuzo ya Ridler, inayotolewa Detroit kwa gari ambalo halijawahi kuonyeshwa popote. Ford ya 1936 aliyoipa jina Impression ilichukua tuzo hiyo mwaka 2005, na kuijenga kulichukua miaka kadhaa. Mtu ni yuleyule, mikono ni ileile. Mbele ya kamera wiki moja, kwenye kazi ambayo majaji wataipitisha kidole kila kona, miaka.

Hiyo wiki ya televisheni nayo si ya uongo, ila ukiikagua utakuta imejaa watu. Gari moja linazungukwa na mafundi wengi, wengine wamejitolea, wanapokezana mchana na usiku. Spea zimeshaagizwa na kupangwa kabla gari halijaingia, na nyingi zimetolewa na kampuni zinazotaka jina lao lionekane. Rangi inakaushwa kwenye oveni. Anayelipa gharama zote hizo ni mtangazaji na wadhamini wake, mwenye gari hajatoa hata senti. Ukiniletea mdhamini wa namna hiyo, ndugu yangu, nitakodi watu, tutakesha, na chai nitanunua mimi.

Pimp My Ride ilikuwa na mambo yake. Mwaka 2015 gazeti la mtandaoni la Huffington Post liliwatafuta baadhi ya watu waliopewa magari na kuwauliza yaliyotokea baada ya kamera kuzimwa. Wakasimulia kwamba kazi iliyoonekana ya siku chache iliwaweka bila magari yao kwa miezi. Vikorombwezo vingine viliwekwa kwa ajili ya kupigwa picha tu, vikatolewa. Wengine magari yaliwasumbua muda mfupi baadaye, maana skrini na rimu mpya zilikuwa zimepandishwa juu ya gari lililokwisha kuchoka. Silisemi hili ili kuicheka ile gereji. Kipindi kile kilikuwa burudani na kiliifanya kazi yake ya burudani vizuri. Tatizo linaanza pale tunapokitumia kama bei elekezi.

Kinachonigusa zaidi ni Wheeler Dealers cha Uingereza, kilichoanza 2003. Mike Brewer ananunua gari lililochoka, Edd China analitengeneza, linauzwa, mwisho wanapiga hesabu: tulinunua kwa kiasi hiki, spea kiasi hiki, tumeuza kiasi hiki, faida hii hapa. Rudia kuitazama hesabu ile. Saa za Edd hazimo. Anashusha injini, anabadilisha klachi, anachomelea sakafu, na kwenye ubao yote hayo ni bure. Mwaka 2017 Edd aliondoka, na alieleza hadharani sababu: watayarishaji wapya waliona sehemu za gerejini ni ngumu kuzitengeneza wakataka kuzipunguza. Yaani sehemu ya kukatwa ilikuwa ufundi wenyewe. Siku nilipomsikia akisema vile niliweka spana chini.

Mteja wetu naye anakuja amekwisha kupiga hesabu ya namna ileile. Rangi lita kadhaa, pati ya kujazia mabonde, msasa, thina ya kuyeyushia rangi, jumla. Akiona karatasi yetu inazidi mara mbili anadhani amepigwa. Basi tuhesabu pamoja. Kuvua gari rangi yote na kulirudishia upya, hapa kwetu, ni mafundi 3 kwa wiki 3 za siku 6, saa 8 kwa siku. Hizo ni saa 432 za binadamu. Weka hapo ujira wa mtu mwenye watoto shuleni, uone kama bado rangi ndiyo ghali.

Saa hizo zinakwenda wapi? Nyingi zinaishia mahali ambapo hutapaona kamwe. Gari nyingi tunazoletewa zimetoka Japani, na zile za mikoa ya baridi zimepita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Ukiongeza hewa yetu ya bahari, kutu inakula kutokea ndani kuja nje. Kwa juu unaona kipele kimoja karibu na tairi la nyuma. Ukikikwangua, bisibisi inazama. Hapo ndipo penye kukata bati, kuunda kipande, kuchomelea, kusaga, na kuziba ndani kwa dawa ya kutu. Fundi asiye na haya atajaza pati juu ya tundu, apige rangi, gari lipendeze kwa mwaka mmoja. Kwenye picha huwezi kuzitofautisha hizo kazi mbili.

Baada ya bati kuna pati, kisha msasa namba 80, 180, 320, praima ambayo ni rangi ya msingi, msasa laini zaidi, rangi, halafu klia, ile ya uwazi inayong'arisha juu. Kati ya hatua moja na nyingine kuna kusubiri, na kusubiri ndicho kitu televisheni isichoweza kukionyesha. Nani atakaa kutazama praima ikikauka? Lakini thina iliyonaswa chini lazima itoke. Ukiifunika mapema, rangi ya juu itakauka huku ya chini bado inanywea. Baada ya miezi michache inalala, na mikwaruzo yote ya msasa inajitokeza juani kama mistari ya kiganja.

Najua kwa sababu tumeshafanya kosa hilo. Kijana mmoja alikuwa anaoa, akaomba gari ndani ya siku 9, na ilikuwa Aprili, masika imeshika. Tukalegea. Tulipiga klia hewa ikiwa nzito kwa unyevu, sehemu ya paa ikafifia palepale kama kioo kilichopuliziwa pumzi, tukaipolishi, ikarudi. Harusini lilipendeza kweli, picha ninazo. Kufika Agosti kijana akarudi, hakusema neno, akasimamisha gari juani akaniita nitazame boneti. Tulilivua lote na kulipaka upya kwa gharama yetu. Tangu hapo masika tunapokea kazi za bati na mitambo, ila rangi ya gari zima tunakuambia subiri mvua ipungue, hata kama harusi ni ya kwako.

Neno kuhusu umeme, kwa wale wanaotaka skrini na muziki wa kutetemesha madirisha. Amplifaya ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 12 inakunywa zaidi ya ampea 80 ikifunguliwa yote. Alternata ya gari dogo mara nyingi hutoa kati ya ampea 60 na 100, na humo humo zinakula taa, feni, AC na injini yenyewe. Ndiyo maana muziki ukipiga besi, taa zinapepesa. Tukikuandikia waya mnene, fyuzi karibu na betri, na pengine alternata kubwa zaidi, hatukuongezei bili. Waya mwembamba unaobeba mzigo mzito unapata moto, na moto wa gari unaanzia hapohapo chini ya zulia, mahali pasipoonekana.

Rimu kubwa na kushusha gari, sina mengi. Tutakufungia, lakini kwanza tutakuomba utupitishe njia yako ya kila siku tuhesabu matuta.

Na ukibadilisha rangi ya gari au injini, mabadiliko hayo yanatakiwa yaingie kwenye kadi ya gari kupitia TRA, na kampuni yako ya bima ijulishwe. Kwenye vipindi hukuti mtu amepanga foleni ya kadi. Sisi tunakuandikia barua ya gereji inayoeleza kilichofanyika, nenda nayo.

Sasa nirudi kwenye lile shuka. Katika vipindi hivi mwenye gari lazima asijue kinachoendelea. Anafichwa, anadanganywa, anazungushwa na nduguze, ili siku ya mwisho macho yamtoke. Kwa burudani ni sawa. Kwa biashara ya gereji ni hatari tupu, maana gari likishafunikwa rangi, mimi na wewe hatuna tena namna ya kubishana kwa ushahidi. Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyume chake.

Gari likiingia, tunalikagua mbele yako na kuandika karatasi yenye safu mbili, vifaa na ufundi, kila moja na bei yake. Unalipa asilimia 40 tukifungua kazi. Bati likiwa uchi, kabla ya tone lolote la praima, tunakupigia simu uje. Si picha ya WhatsApp, ingawa hizo nazo tunatuma kila Ijumaa. Uje mwenyewe, upitishe mkono, uone tumekata wapi na tumechomelea nini. Ukitaka njoo na fundi wako mwingine, hatununi. Ukiridhika unalipa 30 nyingine, na 30 ya mwisho siku ya kuchukua. Tukikuta ugonjwa mpya katikati, na karibu kila mara tunaukuta, kazi inasimama mpaka tukubaliane bei kwa maandishi. Vipande vibovu tulivyovitoa vinakaa kwenye boksi kwenye buti lako. Ni vyako, hata kama ni chuma chakavu.

Yule mwenye GX110 alikuja siku ya bati kuwa uchi na mama yake mzazi, ambaye ndiye aliyekuwa akimlipia. Nikajua leo kuna kazi. Mama alilizunguka gari mara mbili kimya, akainama kwenye tundu tulilokuwa tumelikata nyuma ya tairi, akaingiza mkono wote. Akauliza, "Na upande wa pili mmetazama?" Tulikuwa hatujafungua. Tukafungua mbele yake. Nako kulikuwa kumeoza.

Ukaguzi wa kwanza ni bure, Jumanne hadi Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi. Gari liletwe limeoshwa chini na juu, maana tope linaficha kutu. Na kama una video ya kutuonyesha, ije pia, vijana wanaipenda sana saa ya ugali.