Barua kwa Mwanangu Aliyeko São Paulo: Habari za Palestra Italia

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imetufikia, na sote hapa nyumbani tumefurahi kusikia kwamba u mzima na kwamba masomo yanakwenda vizuri. Baba yako anakusalimu sana, na bibi yako hakuachi katika dua zake. Katika yote uliyoyaandika, lililonishika zaidi ni habari ya siku ile wenzako wa chuo walipokupeleka kutazama mpira wa Palmeiras, klabu ya hapo São Paulo ambayo zamani iliitwa Palestra Italia, ukausikia uwanja mzima, wazee kwa watoto, ukijiita nguruwe kwa sauti moja na kwa furaha kubwa. Umeniuliza inakuwaje watu wajiite jina ambalo kwetu mtu akiitwa hugombana. Jibu la swali hilo halipatikani katika mpira peke yake, na kwa kuwa mama yako amefundisha historia miaka yote unayomjua, utaniwia radhi nikianzia mbali.

Mwaka 1888 Brazili ilifuta utumwa, ikiwa nchi ya mwisho kufanya hivyo katika bara lote la Amerika. Wenye mashamba makubwa ya kahawa ya São Paulo walihitaji wavunaji, na badala ya kuwalipa ujira wa haki watu weusi ambao wao na wazazi wao walikuwa wameyahudumia mashamba hayo kwa vizazi, serikali ya jimbo iliona heri igharamie nauli za meli kuwaleta Wazungu, na wakubwa wengi wa wakati ule hawakuficha kwamba walitaka nchi yao iwe nyeupe zaidi. Nalitaja hili mapema ili usije ukawasikia watu wakisifu bidii ya wahamiaji ukasahau kwamba wapo waliofungiwa mlango ule ule uliofunguliwa kwa wengine. Hata hivyo Waitaliano wenyewe, ambao kwa miongo michache walifika Brazili zaidi ya milioni moja, hawakuja kustarehe. Walishuka bandari ya Santos, wakapandishwa treni hadi nyumba kubwa ya kupokelea wahamiaji iliyokuwa mtaa wa Brás, wakakaa humo siku chache, kisha wakagawiwa mashamba ya kahawa. Huko walikuta madeni, faini na wasimamizi waliozoea kusimamia watumwa, na hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1902 serikali ya Italia ilipiga marufuku safari za kulipiwa nauli kwenda Brazili. Waliopata nafasi ya kuondoka mashambani waliingia mjini, wakajaa Brás, Mooca, Bixiga na Barra Funda, wakawa wafanyakazi wa viwandani, waashi, mafundi cherehani na wachuuzi.

Usidhani, mwanangu, kwamba watu hawa walishuka melini wakiwa taifa moja. Ufalme wa Italia ulikuwa umetangazwa mwaka 1861 tu, na mtu aliyetoka Veneto, kaskazini, aliweza kusikiliza mazungumzo ya mtu wa Calabria, kusini kabisa, asiambulie kitu. Kila kundi lilikuwa na vyama vyake vya kusaidiana, mtakatifu wake wa kumfanyia sherehe na mtaa wake. Wenyeji waliwaona wote Waitaliano, ilhali wao kwa wao walijuana kwa majimbo na vijiji. Hii ndiyo sehemu ya habari hii ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu klabu iliyozaliwa baadaye haikuundwa na jamii iliyokuwa tayari imeungana, bali ndiyo iliyowapa watu hao jambo la kwanza la kulishangilia pamoja.

Mwaka 1914 timu mbili za Italia, Torino na Pro Vercelli, zilifanya ziara Brazili, na vijana wa Kiitaliano wa São Paulo wakatoka viwanjani wakiulizana kwa nini wao hawana timu. Baadhi yao walikuwa makarani katika kampuni za Francesco Matarazzo, mhamiaji kutoka kusini mwa Italia aliyekuwa tajiri mkubwa wa viwanda. Kati ya waliolivalia njuga jambo hilo ni Luigi Cervo, Luigi Emanuele Marzo na Vincenzo Ragognetti, na huyu wa mwisho aliandika katika Fanfulla, gazeti lililochapishwa mjini humo kwa Kiitaliano, akiwaita wote wenye nia wajitokeze. Tarehe 26 Agosti 1914 watu 46 walikutana katika ukumbi wa Alhambra, wakaunda Palestra Italia, na Ezequiel Simone akawa mwenyekiti wa kwanza. Tazama tarehe hiyo vizuri. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imelipuka Ulaya wiki chache tu kabla, na Italia ilipoingia vitani mwaka 1915 mambo yalikuwa magumu, fedha zikawa haba, na klabu changa ikawa inacheza mechi za kuchangia Msalaba Mwekundu wa Italia. Mchezo wao wa kwanza kabisa ulikuwa tarehe 24 Januari 1915 huko Votorantim, mji wa kiwanda cha nguo, dhidi ya timu iliyoitwa Savoia, na Palestra walishinda 2-0.

Wakati huo mpira wa São Paulo ulikuwa wa watoto wa matajiri. Paulistano, klabu ya wenye kahawa, ilikuwa imechukua ubingwa wa jimbo mara nne mfululizo, kuanzia 1916 hadi 1919. Mwaka 1920 Palestra waliwafunga Paulistano 2-1 katika mchezo wa kuamua bingwa, wakatwaa taji lao la kwanza, na mwaka huo huo wakanunua uwanja wa Parque Antarctica kutoka kwa kampuni ya bia. Uwanja huo ulikuwa mahali pale pale ulipokaa wewe na wenzako. Nataka uelewe uzito wake kwa watu ambao wengi wao walikuwa wapangaji: walikuwa na ardhi yao wenyewe katika nchi ya watu. Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yaliuma namna ile.

Kati ya vita viwili, serikali ya Mussolini ilijitahidi kuwavuta Waitaliano wa ng'ambo. Wapo wenye mali walioiunga mkono, Matarazzo akiwa mmoja wao, na wapo wafanyakazi, wengi wao wakiwa wasoshalisti, walioipinga waziwazi. Lakini Brazili ilipovunja uhusiano na Ujerumani, Italia na Japani mnamo Januari 1942, hakuna aliyejali kuwatenganisha. Mjini São Paulo polisi walikataza watu kuzungumza lugha za nchi hizo hadharani. Mwezi Machi serikali ya Rais Getúlio Vargas ilitoa amri iliyoruhusu mali za raia wa nchi hizo kukamatwa ili kufidia hasara za Brazili. Palestra Italia wakalazimika kuliacha jina la Italia, wakajiita Palestra de São Paulo, wakijitetea kwamba neno lililobaki ni la Kigiriki na halina kosa. Mwezi Agosti nyambizi ya Kijerumani ilizamisha meli za Brazili na kuua mamia ya watu, wananchi wakaingia barabarani kwa hasira, serikali ikatangaza vita, na hata hilo jina la Kigiriki likaonekana uhaini. Wazee wa Palmeiras husimulia mpaka leo kwamba São Paulo FC, klabu nyingine ya mjini humo ambayo haikuwa na uwanja wa maana, walikuwa wanaumezea mate ule wa kwao. Watu wa São Paulo FC wanalikanusha hilo, nami sitawaamulia. Lililo wazi ni kwamba hofu ya kunyang'anywa uwanja ilikuwa ya kweli, kwa kuwa amri ya kuwaruhusu wanyang'anyi ilikuwepo.

Tarehe 14 Septemba 1942 viongozi walikutana usiku wakabadili jina kwa mara ya pili katika mwaka mmoja. Walichagua Palmeiras, jina la klabu ya zamani ya mjini humo iliyokuwa imekwisha kufa, na herufi P ikabaki kifuani. Rangi nyekundu, iliyokamilisha rangi za bendera ya Italia, iliondolewa, ikabaki kijani na nyeupe unazoziona leo. Siku sita baadaye, tarehe 20 Septemba, walikuwa na mchezo wa kuamua ubingwa katika uwanja wa Pacaembu, na mpinzani alikuwa São Paulo FC hao hao.

Piga picha hiyo akilini, mwanangu. Uwanja umejaa watu waliokuja kuwazomea wasaliti. Wachezaji wa Palmeiras wanatoka wakiwa wameishika kwa pamoja bendera kubwa ya Brazili, wameitandaza kwa urefu wake, na mbele yao anatembea kapteni wa jeshi, Adalberto Mendes, ambaye alikuwa kiongozi wa klabu hiyo, akiwa amevaa sare zake za kijeshi. Waliokuja kuzomea wakajikuta wanapiga makofi. Golini alikuwepo Oberdan Cattani, kijana aliyekuwa dereva wa lori kabla ya kuwa kipa, aliyesifiwa kwa mikono mikubwa iliyoweza kudaka mpira kwa kiganja kimoja. Palmeiras walikuwa mbele 3-1 katika kipindi cha pili pale Og Moreira, kiungo wao mweusi, alipofanyiwa madhambi na mwamuzi akaamuru penalti. Wachezaji wa São Paulo walikataa uamuzi huo, wakakataa kuendelea, mchezo ukaishia hapo na ubingwa ukawa wa Palmeiras. Tangu siku hiyo husemwa kwamba Palestra ilikufa ikiwa kileleni na Palmeiras ikazaliwa ikiwa bingwa.

Mimi katika tukio hilo humwangalia zaidi Og Moreira. Klabu iliyoanzishwa na watu 46 ili Waitaliano wawe na chao ilikuwa imefika siku yake ngumu kuliko zote, na aliyeangushwa akiipigania alikuwa mtu mweusi wa Brazili, mmoja wa watu wale ambao mwaka 1888 hakuna aliyewalipia nauli ya kwenda popote. Viongozi wale naona walifanya busara kuachia jina wakaokoa uwanja na watu wao, lakini busara ya aliyeonewa haimsafishi aliyeonea, na katika kusoma habari hizi usiache mambo hayo mawili yachanganyike. Ukipita tena nje ya uwanja, soma kibao cha mtaa. Sehemu ile ya barabara sasa inaitwa Rua Palestra Itália, yaani jina lililokatazwa mwaka 1942 ndilo anwani ya klabu hivi leo.

Mwaka 1951 yalitokea mengine yaliyonifurahisha nilipoyasoma. Brazili ilikuwa bado na majonzi ya kufungwa na Uruguay katika Kombe la Dunia mwaka mmoja kabla, pale uwanja wa Maracanã, ndipo yakaandaliwa mashindano ya klabu za Ulaya na Amerika Kusini yaliyoitwa Copa Rio. Palmeiras walipangwa kundi moja na Juventus ya Turin, wakachapwa 4-0. Walikutana tena katika fainali. Mchezo wa kwanza Palmeiras walishinda 1-0, na ule wa marudiano, tarehe 22 Julai, ukaisha 2-2, kombe likawa lao. Watoto na wajukuu wa wahamiaji walikuwa wameifunga timu kubwa ya Italia mbele ya Wabrazili waliokuwa wakiwashangilia kama wa kwao, miaka tisa tu baada ya kuitwa maadui wa nchi. Mashabiki wa Palmeiras hulihesabu kombe hilo kuwa ubingwa wa dunia, wapinzani wao wanaimba kwamba si la dunia, na wenzako watakueleza upande wao kwa kirefu, kwa hiyo mimi sisemi zaidi.

Sasa nguruwe. Wakati wa vita hilo lilikuwa mojawapo ya matusi waliyotupiwa Waitaliano. Lilirudi kwa nguvu mwaka 1969, wachezaji wawili wa Corinthians, watani wakubwa wa Palmeiras mjini humo, walipokufa katika ajali ya gari na klabu yao ikaomba iruhusiwe kusajili wengine wakati muda wa usajili ulikwisha pita. Palmeiras walikataa, na mwenyekiti wa Corinthians akasema kwamba wana roho ya nguruwe. Kwa maoni yangu, katika hilo Palmeiras hawakutenda kiungwana, maana msiba ni msiba hata ukiwa wa mtani. Kwa miaka mingi walizomewa kwa neno hilo na kujibu kwa ngumi. Mwaka 1986 wakaamua vingine: wakaanza kuliimba wenyewe, na nyota wao Jorginho akapigwa picha akiwa amempakata nguruwe kwenye jalada la jarida la michezo la Placar. Mzomeaji alipoona anayezomewa anaitikia na kucheza, alikosa la kusema. Klabu nayo baadaye ikamkubali mnyama huyo rasmi pamoja na kasuku wake wa kijani wa tangu zamani. Hilo ndilo ulilolisikia.

Mengine unayajua au utayasikia huko: wachezaji mashuhuri akina Ademir da Guia, siku ya mwaka 1965 Palmeiras nzima ilipovaa jezi ya timu ya taifa ya Brazili na kuifunga Uruguay 3-0, ukame wa mataji ulioanza baada ya 1976 na kukatika mwaka 1993 kwa ushindi wa 4-0 dhidi ya Corinthians, Kombe la Libertadores, la klabu bingwa za Amerika Kusini, la 1999 na yale mawili ya 2020 na 2021.

Nina ombi moja. Ile nyumba ya kuwapokelea wahamiaji bado ipo, na sasa ni makumbusho ya uhamiaji. Nenda siku usiyo na vipindi, uangalie vizuri wanavyowaeleza Waitaliano na Wajapani, kisha utafute wamewaeleza vipi watu weusi waliokuwepo kabla yao na Waafrika wanaoingia mji huo siku hizi, wakiwemo Wakongo wanaozungumza lugha yetu. Niandikie ulichokiona, na uambatanishe picha ya kile kibao cha mtaa kwa ajili ya baba yako, maana ameniomba nisisahau.

Vaa nguo nzito, nasikia Julai huko ni baridi.

Nakupenda,
Mama yako