Ambari si kaharabu, na sandarusi tunayo

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe neno moja katika makala ya gazeti lako kuhusu wadudu wa kale, ambamo mwandishi alisema kuwa wamehifadhika "ndani ya ambari". Ambari, kama wajuavyo watu wa pwani, ni kile kitu cha manukato kitokacho tumboni mwa nyangumi na kuokotwa ufukweni. Alichokusudia ni kaharabu, ile ile ya tasbihi, ambayo asili yake ni ulimbo wa mti.

Jambo lenyewe huanza na jeraha. Mti ukivunjika tawi au ukitobolewa na dudu, hutoa ulimbo wa kuziba kidonda, na mdudu apitaye hapo hunasa kama ndege katika ulimbo uliotegwa na watoto. Mwenye nguvu, kama panzi mkubwa, mara nyingi hujichomoa, na ndiyo sababu wengi waliosalia ni chungu, nzi, mbu na buibui. Ulimbo mwingine ukiteremka humfunika mateka, humkausha maji ya mwili na kuwazuia bakteria wasimwozeshe. Baadaye mivuke yenye harufu hutoka kidogo kidogo, chembe zinazobaki hushikana, na donge likifukiwa udongoni huzidi kuwa gumu kwa muda ambao akili haiumudu. Hata hivyo, msomaji asidhani kuwa mdudu yumo mzima, kwani mara nyingi kilichobaki ni ganda la nje tu na uwazi ndani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walitangaza kuwa wametafuta DNA, yaani chembe za urithi, katika nyuki walionaswa ndani ya ulimbo mkavu wa Kolombia, ambao umri wake ni mdogo mno ukilinganishwa na kaharabu, na wakaikosa.

Kilichonisikitisha zaidi ni kuwa mwandishi alitupeleka hadi Baltiki, bahari ya kaskazini mwa Ulaya, akaupita msandarusi wa kwetu, mti utoao ulimbo uitwao sandarusi, bila ya kuutaja. Kaharabu ya Jamhuri ya Dominika, yenye umri wa miaka milioni 15 hadi 20, ilitoka katika mti uliokwisha kutoweka ambao jamaa yake wa karibu, kwa maelezo ya wanasayansi, ni huu msandarusi wa Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa Mrima, yaani pwani ya bara, ililetwa Unguja, na wafanyabiashara wa Kimarekani wakaisafirisha hadi Salem, mji wa bandari huko Marekani, kutengenezewa vanishi.

Ninacho kipande kimoja alichoniachia marehemu babu, kikubwa kama kokwa ya embe, chenye vipele juu kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ndani wamo chungu wawili, mmoja amenyoosha mguu, na mbele ya mguu huo pana povu dogo la hewa. Duka moja la Mji Mkongwe lilitaka kuniuzia kingine mfano wake kwa jina la kaharabu ya miaka milioni 50. Sandarusi huwa na umri wa mamia au maelfu ya miaka tu, na kuijua si kazi: tone la asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, huifanya inate, ilhali kaharabu haibadiliki. Nilikijaribu cha babu. Kilinata, na alama ya kidole changu ingalipo hadi leo, kando ya wale chungu.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba