Usiku wa Pili wa Gideoni

Kampala

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako imeuliza makubwa mawili kwa pumzi moja: kama Mungu yupo, na kama balubaale, miungu ya jadi ya Buganda, Mukasa wa ziwa na Kiwanuka wa radi, nao wapo. Ukaongeza: mtu atajuaje? Naanza na hilo la mwisho, maana bila hilo tutabishana mpaka kuche.

Fungua Biblia, Waamuzi sura ya 6. Gideoni aliweka ngozi ya kondoo uwanjani, akaomba umande uangukie ngozi peke yake na nchi yote ibaki kavu. Asubuhi akaikamua, ikatoa bakuli zima la maji. Wengi wetu tungeishia hapo kwa vigelegele. Lakini manyoya hunasa umande kuliko udongo mkavu, aombe mtu asiombe. Ndiyo maana usiku wa pili alitaka kinyume chake: ngozi ikauke, nchi ilowe. Usiku huo ndio wenye uzito. Basi kila dai utakaloletewa, la kanisani, la msikitini au la kwenye tambiko, liulize: kama mungu huyu hayupo, ningeona nini tofauti? Likikosa jibu, hapo hakuna cha kupima.

Chukua uponyaji. Unasema shangazi yako ametangaziwa kwenye mkutano wa injili kwamba VVU vimemtoka, kwa kuwa cheti cha kliniki kinasema virusi havionekani. Hiyo ni kazi ya dawa za ARV. Anayezimeza inavyotakiwa, virusi vyake hushuka mpaka chini ya kopi 50 kwa mililita ya damu, na mashine haivikuti tena. Vilivyobaki hujificha ndani ya chembe za mwili. Dawa zikiachwa, kwa watu wengi huibuka tena ndani ya wiki chache. Nakusihi, asiache hata dozi moja kwa ajili ya ushuhuda. Aombewe, na ameze.

Kuna ushuhuda mwingine unaowachanganya hata watu makini: mtoto aliyepimwa akiwa na miezi mitatu akakutwa na VVU, akaombewa, na alipofika mwaka na nusu kipimo kikawa safi. Kipimo cha haraka hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, na mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake. Hizo huisha zenyewe taratibu, kwa kawaida kabla ya miezi 18. Ndiyo sababu watoto wachanga hupimwa kwa PCR, inayotafuta kirusi chenyewe. Ukitaka dai la uponyaji lenye usiku wa pili, usichukue maumivu ya mgongo wala vidonda vya tumbo, ambavyo huja na kuondoka vyenyewe. Chukua mguu uliokatwa.

Maombi yenyewe yamepimwa. Utafiti ninaouheshimu kuliko mwingine ulichapishwa Marekani mwaka 2006: wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa mishipa ya moyo, hospitali sita, wakagawanywa kwa kura katika makundi matatu. Wakristo wasiowafahamu waliwaombea wa makundi mawili kwa siku 14, kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji, wakipewa jina la kwanza na herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Walioombewa bila kuwa na uhakika wa kuombewa, asilimia 52 walipata matatizo ndani ya siku 30. Wasioombewa, asilimia 51. Walioombewa na kuambiwa hivyo, asilimia 59, huenda kwa sababu ya hofu. Lakini usiutumie kupita kiasi. Hakuna aliyewazuia ndugu za wagonjwa kuomba majumbani, kwa hiyo kilichopimwa ni maombi ya nyongeza, ya watu wasiomjua mgonjwa. Na anayeamini Mungu hakubali kujaribiwa atakusomea Kumbukumbu la Torati 6:16. Ana haki, ila naye asije kesho akatumia takwimu za waliopona.

Kwa balubaale, dai lililo wazi ni la mandwa, mtu anayepandwa na roho: akipandisha, anayesema ni Mukasa, na anajua yasiyojulikana. Mpe heshima yake, kisha omba hili. Mtu asiyefika hapo kabisa aweke kwenye kopo karatasi kumi, 0 mpaka 9. Achomoe moja, aandike, airudishe, atikise, mara nne. Namba aifunge kwa karatasi ya alumini ndani ya bahasha, na asaini juu ya gundi. Mandwa ataje tarakimu zote nne kwa mpangilio, ziandikwe, ndipo bahasha ifunguliwe. Kubahatisha ni mara moja katika 10,000. Jaribio huharibika pale anayejua namba anapokaa chumbani, uso ukamsaliti, au mnapokubaliana baadaye kwamba tarakimu moja inatosha: kupata angalau moja mahali pake kwa bahati tu ni zaidi ya theluthi. Na hata akizipata zote, umejua kuna njia ya kujua. Bado hujajua kama ni Mukasa.

Unabii wenye tarehe ndio rahisi kuliko yote, na kwetu uligharimu roho za watu. Kundi la kidini la Kanungu, hapa Uganda, lilisema dunia inaisha pamoja na mwaka 1999. Januari ikafika, tarehe ikasogezwa, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakafa motoni. Tarehe ilipopita, dai lilikuwa limekwisha kufa.

Anabaki Muumba asiyeahidi ishara yoyote. Hapo kopo na bahasha havifiki, kwa sababu hatuna ulimwengu wa pili usio na Yeye tuulinganishe na huu. Zinabaki hoja. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa zamani, alisema kila kilichoanza kina kilichokianzisha, na ulimwengu ulianza. Naiona hoja nzito, ila kanuni hiyo tumejifunza kutokana na vitu vilivyomo ulimwenguni, na sina hakika inaushika ulimwengu mzima. Hata ikisimama, inanifikisha kwenye chanzo. Hainifikishi kwa anayesikia maombi. Upande wa pili, mateso ya watoto yanamsumbua sana anayesema chanzo hicho ni chema na kinaweza yote, lakini hayamgusi anayesema kipo tu.

Niandikie unaanza na dai gani, na kabla hujalipima, niandikie matokeo gani yangekufanya ulikatae.

Ni mimi rafiki yako